Shauri la Bwana Shamba na Mkono wa Kibarua



Mwezi uliopita ndugu yetu mmoja alifika katika ofisi ya tawi na barua ya kufukuzwa kazi mkononi. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema kwamba ameliharibu shamba la nyanya la tajiri wake, nusu ekari, upande wa Bisil karibu na barabara ya Namanga, na kwa hiyo aondoke bila notisi na bila mshahara wa siku alizofanya kazi mwezi ule. Katibu alimpa kiti, akamwomba aeleze habari yote tangu siku ya kutia mbegu kitaluni mpaka siku ya kuondoka. Alieleza kwa muda wa saa nzima, na sisi tuliokuwapo tulijifunza mengi kuliko tuliyopata kuyasoma katika vitabu vidogo vya kilimo.

Tajiri huyo hakai Bisil. Ana kazi yake Nairobi, na shamba hulitazama kwa simu. Si mtu mbaya, wala si bahili kama wengine tunaowajua. Alinunua mbegu nzuri ya dukani, akatandika mipira ya kudondosha maji, akaleta mbolea ya magunia, tena alikwenda kwenye siku ya wakulima ambako mabwana shamba walifundisha namna ya kulima nyanya. Alirudi na karatasi. Kutokana na karatasi hiyo alimpigia simu kibarua wake akamwambia: panda kwa sentimeta 60 kwa 45, kata machipukizi yote ya pembeni, piga dawa kila siku ya tatu. Basi. Karatasi yenyewe kibarua hakuiona.

Sasa sikilizeni. Mbegu ile ilikuwa ya aina fupi, ile inayofanya kichaka na kuzaa katika matawi yake ya pembeni. Kukata machipukizi ni shauri jema kwa nyanya ndefu, zile zinazopandishwa juu ya kamba ndani ya nyumba za nailoni. Kwa nyanya fupi ni kukata matunda kabla hayajazaliwa. Ndugu yetu aliona kwamba jambo hilo si sawa, maana alipata kulima nyanya kwao, lakini alipouliza aliambiwa afanye kama alivyoagizwa. Kisha pampu ya kisima iliharibika siku 6, na siku hizo ndizo miche ilipokuwa imejaa maua. Fito za kuegemeza mimea hazikuletwa, matunda yakalala juu ya udongo. Dawa ililetwa ndani ya chupa ya soda, haina maandishi, na kipimo chake kilikuwa kifuniko kimoja au viwili.

Mavuno yalipokuwa haba, tajiri alisema, mimi nilifuata mashauri yote. Na kweli yeye aliyafuata. Ila yeye siye aliyelima.

Hilo ndilo twataka kulisema katika gazeti hili. Tangu zamani tunasikia kwamba mboga hazizai vizuri kwa sababu mkulima hafuati mashauri ya kilimo. Neno hilo lina kweli ndani yake, na chini tutaeleza kwa nini. Lakini mkulima huyo ni nani? Katika sehemu zetu za Kitengela, Kajiado na Bisil, mwenye shamba mara nyingi ni mmoja na mwenye jembe ni mwingine. Mafunzo humfikia wa kwanza, kazi humfikia wa pili, na katikati yao pana simu tu.

Wanachama walio mbali huenda wasiijue Bisil. Ni mji mdogo katika nchi ya Wamaasai wa Matapato, kusini ya mji wa Kajiado, juu ya barabara kuu iendayo Namanga na Arusha. Sifa yake ya zamani ni soko la mifugo. Mvua yake ni ya misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na misimu yote miwili huweza kukudanganya. Ardhi ilikuwa ya watu wote pamoja, kisha sheria ya mwaka 1968 ikaleta mashamba ya vikundi, na tangu miaka ya 1980 mashamba hayo yakaanza kukatwa vipande, kila mtu na hati yake. Wengi waliuza. Leo ukitoka Kitengela ukapita Isinya utaona nyaya na nguzo ambapo zamani swala na ng'ombe walipita pamoja, na ndani ya nyaya pana tangi la maji juu ya mnara, kibanda cha mabati, na kijani kidogo cha sukuma wiki. Baadaye ukaja ukame mkubwa: mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022, na ng'ombe wengi sana walikufa. Wamaasai wenyewe ambao hawakupata kushika jembe walianza kuuliza habari za vitunguu.

Kwa hiyo huku kwetu kilimo cha mboga si urithi kama kilivyo Kiambu au Kirinyaga, ambako mtoto humwona mamaye akipanda kabichi tangu akiwa mgongoni. Huku mwenye shamba ni mgeni wa kilimo, na kibarua naye ni mgeni wa mahali: Mkamba, Mluhya, Mkisii, ndugu kutoka ng'ambo ya mpaka, na vijana wa Kimaasai wenyewe. Mahali kama hapa shauri la kitaalamu lina thamani kubwa kuliko pengine popote, maana hakuna mzee wa jirani wa kumwuliza.

Na mashauri yenyewe si porojo. Tuyatazame kidogo, kwa hesabu ya kibarua.

Ukipanda nyanya kwa sentimeta 60 kati ya mistari na 45 kati ya shina na shina, nusu ekari inapokea miche karibu 7,500. Katika miaka ya 2010 wastani wa nyanya katika Kenya nzima ulikuwa karibu tani 20 kwa hekta, yaani karibu tani 4 kwa nusu ekari. Gawanyeni wenyewe: ni nusu kilo na chembe kidogo kwa kila shina. Kila mtu aliyepata kuchuma nyanya anajua kwamba shina lililotunzwa huzaa kilo 2 bila taabu. Basi kati ya tani 4 na tani 15 mbegu ni ile ile na ardhi ni ile ile. Kilichopotea hapo katikati ni kazi ambayo haikufanywa, au iliyofanywa siku isiyo yake, au iliyofanywa vibaya kwa kutojua.

Tuseme habari za maji. Nyanya isiyopata maji kwa wakati mmoja kila siku, leo tele na kesho hakuna, hutokwa na doa jeusi lililodidimia kwenye kitako cha tunda. Wengi hudhani ni mdudu, wakapiga dawa. Si mdudu. Ni kwamba mmea umeshindwa kuvuta chokaa ya udongo mpaka kwenye tunda, kwa sababu maji ndiyo yanayoibeba. Pampu ikikaa siku 6 imekufa, hakuna dawa duniani ya kurudisha matunda yale. Hapa kosa ni la nani? Kibarua hana ufunguo wa pampu wala fedha ya fundi.

Tena maji ya visima virefu ya Kajiado katika sehemu nyingi yana chumvi na magadi. Shauri la kitaalamu ni kuyapima kwanza, kabla ya kununua mbegu. Maharagwe na vitunguu ni vya kwanza kuumia kwa chumvi, kabichi na spinachi huvumilia kidogo zaidi, nyanya zaidi ya hizo, na bitiruti hushinda zote hizo. Tumewaona watu wakipanda vitunguu kwa sababu jirani alipata fedha nzuri kwa vitunguu, na jirani yule anatumia maji ya kisima kingine kabisa. Majani yanaungua nchani, na anayelaumiwa ni yule aliyemwagilia. Upande wa Kitengela na Isinya kuna jambo jingine, ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kushika maji kama bakuli wakati wa mvua. Huko sharti matuta yainuliwe, la sivyo mizizi huoza. Kuinua matuta ya ekari nzima kwa jembe ni kazi ya watu, si ya mtu mmoja kwa siku mbili, na tajiri anayetaka matuta sharti ahesabu vichwa.

Juu ya mbolea, tuna jambo la kuchekesha na la kusikitisha pia. Nchi hii yetu imejaa mbolea ya boma. Malori huja mpaka kwenye maboma ya Wamaasai, hupakia samadi iliyolundikana miaka mingi, yakaipeleka katika mashamba ya milimani kwa wenye kahawa na mboga. Yakiwa njiani yanapita mbele ya mashamba ya mboga ya Kajiado ambayo mabwana zake wamekwenda mjini kununua mbolea ya gunia! Samadi iliyooza vizuri hushika maji katika udongo, na katika nchi kavu hilo peke yake ni nusu ya kazi. Lakini iliyooza vizuri, ndugu. Ile mbichi huunguza miche na kuleta magugu ya kila namna.

Kuna na ugonjwa wa mnyauko. Mmea wa nyanya hunyauka ghafula ukiwa bado kijani, na maji unayo. Mabwana shamba hufundisha jaribio rahisi sana: kata kipande cha shina karibu na mzizi, kiingize ndani ya glasi ya maji safi, utazame dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka penye kidonda, ni bakteria aliye udongoni, na hakuna dawa ya kupulizia itakayomwua. Njia ni kung'oa, kuchoma, na kutopanda nyanya, viazi, pilipili wala biringani mahali pale kwa misimu kadhaa, maana yote hayo ni ukoo mmoja. Badala yake ardhi ipewe mahindi au vitunguu au sukuma wiki. Sasa ni nani atakayeliona shina la kwanza linalonyauka? Ni yule anayepita kati ya mistari kila asubuhi. Kama hajui jaribio la glasi, ugonjwa utafuata mfereji wa maji na jembe lake mpaka mwisho wa shamba kabla tajiri hajafika siku ya Jumamosi.

Hali ni hiyo hiyo kwa mdudu wa nyanya ambaye ndugu zetu wa Tanzania wamempa jina la kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 alikuwa ameingia Kenya na Tanzania. Funza wake huishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, kwa hiyo dawa nyingi humpita juu kama mvua juu ya bati. Mtu akipiga dawa ile ile kila siku ya tatu, wanaokufa ni wadudu wema wanaomla, na yeye huzoea. Anayeona jani la kwanza lenye njia nyeupe, akalichuma na kuliteketeza, ameokoa fedha kuliko duka la dawa. Katika sukuma wiki na kabichi yuko nondo mdogo ambaye naye amezoea dawa nyingi. Mwaka 2002 wataalamu wa ICIPE walianza kumwachia hapa Kenya nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Taiwan, anayetaga mayai ndani ya viwavi vyake. Nyigu huyo hufanya kazi bila mshahara, lakini dawa kali zikipigwa ovyo yeye ndiye wa kwanza kufa.

Mnaona basi jinsi mambo yalivyoshikana. Mbolea bila maji huunguza. Maji mengi na mimea iliyosongamana huleta ugonjwa wa majani wakati wa baridi ya Juni na Julai. Dawa bila macho ya kutazama ni fedha iliyomwagwa. Anayefuata shauri moja kati ya sita asitegemee sehemu moja kati ya sita ya faida. Mara nyingi hapati chochote, kisha husema mashauri ya kitaalamu ni uongo.

Wako wanaosema kwamba Mwafrika hapendi kufundishwa kilimo. Neno hili ni la zamani, na lilikuwa la uongo hata wakati huo. Jirani zetu wa Machakos wanaweza kushuhudia. Mwaka 1938 Wakamba walitembea kwa miguu mpaka Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, kupinga ng'ombe zao kunyang'anywa kwa jina la kuokoa udongo, na yeye akahamishiwa Lamu. Mwaka 1948 wanawake wa Murang'a walikataa kazi ya lazima ya matuta. Mwaka 1955 watu wa Uluguru, Tanganyika, walifanya ghasia kwa sababu ya matuta vile vile. Serikali ya kikoloni iliandika kwamba watu hawa ni wajinga. Lakini nini kilitokea baadaye? Wakamba wale wale walichimba matuta kwa hiari yao katika vilima vyote vya Machakos, mtaro baada ya mtaro, walipoona kwamba juu yake watavuna kahawa, matunda na mboga za kuuza, na kwamba fedha itakuwa yao. Kati ya mwaka 1930 na 1990 watu wa huko waliongezeka zaidi ya mara 5, na bado kila mtu alivuna zaidi kuliko babu yake, na udongo ukapona. Shauri lilikuwa lile lile. Lililobadilika ni nani anayelifanya na kwa faida ya nani.

Tena katika miaka ya 1980 na 1990 Serikali yetu, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilituma mabwana shamba vijijini kwa ratiba, wamfundishe mkulima mmoja aliyechaguliwa ili naye awafundishe wenzake. Mwaka 1999 Benki yenyewe ilichunguza kazi hiyo ikaona kwamba faida yake ilikuwa ndogo kuliko ilivyotangazwa. Maarifa hayakuteremka kama walivyotumaini. Yaliishia kwa yule wa kwanza. Wakati huo huo Indonesia ilifanya njia nyingine. Mwaka 1986 Rais wa huko alipiga marufuku dawa 57 katika mpunga, na tangu 1989 wakulima wakaanza kukutana ndani ya mashamba yenyewe kila juma, msimu mzima, wakihesabu wadudu wabaya na wema, kisha kuamua wao wenyewe kama kuna haja ya dawa. Dawa zilipungua na mpunga haukupungua. Njia hiyo ya shule za shambani ilifika Kenya pia katika miaka ya 1990. Hatudai kwamba ni muujiza. Twasema tu kwamba huko aliyefundishwa ni yule mwenye matope miguuni.

Sasa tuje kwenye haki yetu. Tangu mwaka 2013 kazi ya kilimo iko chini ya serikali za kaunti, na bwana shamba ni mtumishi wa kaunti. Twamheshimu, na twajua eneo lake ni kubwa na pikipiki yake haina mafuta kila siku. Lakini anapoitisha siku ya wakulima, barua huenda kwa wenye hati za ardhi. Kibarua siku hiyo huambiwa abaki kulinda shamba. Hata akienda, siku yake hukatwa. Twataka siku ya mafunzo ihesabiwe kuwa siku ya kazi, na mwaliko umfikie anayeshika pampu ya mgongoni.

Kuna na jambo la mshahara. Amri ya mishahara ya kilimo ya mwaka 2018 ilitaja madaraja: mfanya kazi asiye na ujuzi, mchungaji na mlinzi, mpishi, msimamizi, karani, fundi, dereva wa trekta, dereva wa lori. Mtafuteni humo mtu anayesoma maandishi ya dawa, anayepima mililita kwa lita 20 za maji, anayejua aina fupi na aina ndefu, anayetambua mnyauko kwa glasi ya maji. Hayumo. Huhesabiwa pamoja na wasio na ujuzi. Ndipo tunapouliza: ikiwa wataalamu wote wanasema tofauti ya tani 4 na tani 15 iko katika ujuzi, mbona anayetumia ujuzi huo analipwa kama hana? Tajiri hawezi kumwita mtu hana ujuzi siku ya mshahara, kisha amwite mharibifu wa shamba siku ya mavuno.

Juu ya dawa, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimisha mwajiri kumpa mavazi ya kujikinga kila anayefanya kazi na vitu vya kudhuru. Mavazi hayo ni glavu, buti, miwani, na kitambaa cha pua na mdomo. Shati kuukuu la tajiri si vazi la kujikinga. Na dawa katika chupa ya soda ni jambo la hatari kubwa. Chombo halali kina ukanda wa rangi unaoonyesha ukali wake, nyekundu ikiwa mbaya kuliko zote, kisha njano, buluu na kijani, pamoja na kipimo na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Kibarua asipouona ukanda huo hawezi kufuata shauri lolote, hata akitaka.

Hapa hatuna budi kusema nanyi pia, ndugu wanachama, wala msikasirike. Si makosa yote ni ya tajiri. Wako miongoni mwetu wanaouza mbolea usiku kwa debe, kisha wanatandaza kiganja kimoja mahali pa viwili. Wako wanaopima dawa kwa jicho ili wamalize upesi. Na wako wanaovuna sukuma wiki siku ya pili baada ya kupiga dawa, kwa sababu mama wa sokoni amefika na fedha mkononi. Sukuma wiki hiyo inaliwa na nani? Haiendi katika hoteli kubwa. Inakwenda Kitengela na Athi River, katika sufuria za wafanya kazi wa viwandani, wanachama wenzenu na watoto wao. Mwaka 2013 nchi za Ulaya zilipoona mabaki ya dawa katika maharagwe mabichi ya Kenya, zilianza kukagua shehena 1 katika kila 10, na wenye mashamba makubwa walilia sana. Mla sukuma wiki wa Kitengela hana mkaguzi wa namna hiyo bandarini kwake. Ana wewe tu.

Mtu atauliza, je, mavuno yakipanda, mshahara utapanda? Si lazima. Twaijua barabara ya Namanga. Vitunguu vya Mang'ola vikivuka mpaka kwa wingi, na nyanya za Loitokitok zikishuka siku hiyo hiyo, bei huanguka, na dalali hununua kreti kwa bei anayotaka. Tajiri aliyevuna tani nyingi siku mbaya huweza kupata fedha haba kuliko aliyevuna kidogo siku njema. Kwa hiyo tunawaonya wanachama wasikubali mapatano ya kulipwa kwa kreti peke yake, kama wengine wanavyoanza kupendekeza upande wa Isinya. Mshahara wa mwezi uwe mshahara. Nyongeza ya kreti, ikiwapo, iwe juu yake, na iandikwe kabla ya kupanda.

Katika mazungumzo yajayo na waajiri wa sehemu hii tawi litadai daftari moja liwekwe katika kila shamba, na nakala abaki nayo kibarua. Ndani yake yaandikwe maagizo yote na siku yalipotolewa, siku ambazo maji hayakuwapo, jina la dawa na kipimo chake, na siku ya kuvuna. Mwanachama asingoje tajiri alinunue. Nunueni wenyewe, ni shilingi chache. Kama ndugu yetu wa Bisil angekuwa na daftari hilo, katibu asingepoteza majuma mawili kubishana juu ya siku 6 za pampu.

Ubishi wenyewe umekwisha. Katibu alimwonyesha tajiri kwamba kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hata anayefukuzwa kwa kosa hulipwa siku alizofanya kazi, na kwamba mtu wa mshahara wa mwezi hupewa notisi ya siku 28 au malipo yake. Tajiri alilipa, akasema kwa haki kwamba habari ya aina fupi na aina ndefu hakupata kuisikia. Ndugu yetu amepata kazi nyingine ng'ambo ya mji wa Kajiado, sukuma wiki na vitunguu. Juma lililopita alileta salamu. Amefunga mafundo katika kamba kwa kila sentimeta 45, anapanda kwa kamba hiyo, na ameomba katibu amtafutie karatasi ile ya siku ya wakulima, aisome mwenyewe.